Bwawa la Uani Sharti Lifanye Kazi

Katika miji yetu kumezuka mtindo mpya wa kupamba nyua. Anayejenga nyumba Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam hatosheki tena na ua wa michongoma na miti miwili ya mwarobaini. Hutaka pia bwawa dogo, kilima cha mawe nyuma yake, maporomoko yanayoteremka juu ya mawe hayo, na kijito cha hatua tano au sita kinachoyarudisha maji bwawani. Mtindo huo umekwisha kuingia katika hoteli na katika baadhi ya ofisi, na haushangazi tena ukionekana hata katika viwanja vya shule. Kwa kuwa wanaoidhinisha fedha, wanaotafuta fundi na hatimaye wanaolitunza bwawa lenyewe ni watumishi wa umma na walimu, yafaa jambo hili tulijadili kwa makini kabla jembe halijagusa ardhi.

Wako wanaosema kwamba bwawa la namna hiyo ni anasa tupu, na kwamba nchi ambayo bado ina akina mama wanaoamka alfajiri kwenda kutafuta maji haina haki ya kuyachezesha maji juu ya mawe. Wako pia wanaojibu kwamba mtu ana hiari ya kupendezesha kwake, na kwamba uzuri nao ni haja ya binadamu. Kila upande una neno la kweli. Lakini pande zote mbili zinakosea pamoja katika jambo moja: zinalitazama bwawa kama picha iliyotundikwa ukutani. Bwawa si picha. Bwawa ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Maji yanayofanya kazi hayawi anasa hata yakipendeza. Maji yasiyofanya kazi ni mzigo, na aghalabu mzigo huo hubebwa na mtu asiyeionja raha yake.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kuyaongoza maji, kuyakusanya na kuyateremsha ni ufundi tulioletewa kutoka nje. Pale Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yako mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe iliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18, ikiyatoa maji katika mito ya mlimani na kuyagawa shambani kwa mteremko uliopimwa kwa jicho na uzoefu. Katika Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo iliyopita kando ya mabonde na kuvuka migongo ya milima, maji yakifika hadi kwenye migomba. Katika milima ya Upare liko jambo linalokaribia zaidi mada yetu, nalo ni ndiva. Ndiva ni bwawa linalokusanya maji ya kijito usiku, wakati watu wamelala, ili asubuhi lifunguliwe na maji yaende mashambani kwa zamu.

Tuitazame ndiva vizuri, maana ndani yake mna somo lote. Ndiva haikuchimbwa ili itazamwe. Ilichimbwa kwa sababu kijito peke yake kilikuwa kidogo mno kuweza kulifikisha maji shamba la mbali. Yakikusanywa usiku kucha, maji hayo madogo hupata nguvu ya kufika. Tena ndiva ina wenyewe. Wako wanaojua zamu ya nani ni leo, na wako wanaoitwa kuzoa tope siku ya kazi. Hata hivyo, anayesimama kando ya ndiva asubuhi, maji yakiwa yametulia na mlima ukijiona ndani yake, hatasema kwamba haipendezi. Uzuri wake umetokana na kazi yake.

Visiwani nako tuna funzo la aina nyingine. Kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja yako magofu ya jumba la Maruhubi, alilolijenga Sultani Barghash katika miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Nguzo zake bado zimesimama, pamoja na birika za mayungiyungi zilizopamba bustani. Birika hizo zilikuwa starehe ya nyumba moja. Lakini Sultani huyo huyo aliyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mifereji na mabomba, watu wakanywa. Leo birika za Maruhubi ni za kutembelewa na wageni. Maji ya mjini ndiyo yaliyomwachia jina jema midomoni mwa watu.

Sasa tuligeukie bwawa letu la uani. Swali la kwanza ambalo mwenye kulitaka hana budi kujiuliza ni hili: maporomoko yale na kijito kile vina kazi gani? Wengi hudhani havina kazi ila kutoa sauti. Kumbe hivyo ndivyo viungo muhimu kuliko vyote. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Katika nchi yenye jua kama yetu, bwawa lililotuama hupungukiwa hewa, hasa karibu na mapambazuko, kwa sababu usiku kucha mimea na samaki vimekuwa vikiitumia hewa ile ile bila jua la kuirudisha. Ndiyo maana asubuhi samaki huonekana wameelea juu, midomo wazi, wakitweta. Maji yanapoporomoka na kupasuka juu ya mawe, huchanganyika na hewa. Kwa hiyo maporomoko ni mapafu ya bwawa.

Kijito nacho ni figo zake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki wenyewe. Juu ya kokoto na mawe ya kijito huota vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa chakula cha mimea. Ukiotesha mimea ya majini kandokando, au ukiyachota maji hayo kumwagilia mchicha na sukumawiki, mzunguko umekamilika: samaki amelisha mboga, nayo mboga imemsafishia samaki maji. Huo ndio ufundi wa bwawa lenye mkondo. Anayejenga maporomoko kwa ajili ya sauti tu, kisha akayazima kila anapokwenda kulala ili asisumbuliwe, ameyafunga mapafu saa zile zile yanapohitajiwa.

Swali la pili ni la hesabu, na hapa ndipo shauku nyingi huanguka. Chukua bwawa la kawaida la uani, lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60. Maji yake ni lita 3,600, yaani madebe 180 ya lita 20. Kabla ya kuagiza saruji, mwenye nyumba na ajiulize: madebe hayo 180 yatatoka wapi, na yatapita juu ya kichwa cha nani? Tena si mara moja tu. Jua likikausha milimita 5 kwa siku, bwawa hilo hupoteza lita 30, yaani debe moja na nusu kila siku ya kiangazi, mbali na matone yanayorushwa na maporomoko. Mahali ambapo maji ya bomba hutoka kwa mgawo, bwawa la namna hiyo ni mtu wa ziada katika foleni, mtu asiyeshiba wala asiyesema asante.

Jibu lipo, nalo liko juu ya vichwa vyetu. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 100, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000 za maji. Hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 80,000. Madarasa matatu ya shule yana paa kubwa kuliko hilo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haimkatazi mtu kuvuna mvua ya paa lake mwenyewe. Inachodhibiti ni kuyageuza maji ya mto au kijito, jambo linalohitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni mwa mto kuwa eneo la kuhifadhiwa. Basi kanuni iwe wazi: bwawa la pambo na lijazwe kwa mvua iliyovunwa. Pasipo mfereji wa paa na tangi la akiba, pasiwe na bwawa.

Hesabu ya umeme nayo ina neno. Pampu ya wati 100, inayotosha kulizungusha bwawa tulilolitaja, hula uniti 2.4 kwa siku ikifanya kazi saa zote 24. Kwa mwezi hizo ni uniti 72. Katika nyumba ndogo ya mjini, uniti kama hizo hutosha taa, redio na jokofu dogo. Mtumishi wa mshahara wa kawaida na azipime kabla hajanunua. Pampu ndogo ya umeme wa jua hupunguza gharama, lakini jua likizama nayo hulala, isipokuwa iwe na betri; na tumekwisha kuona kwamba usiku ndio wakati samaki wanapoihitaji zaidi. Njia ya busara kwa mwenye pampu ya jua asiye na betri ni kuweka samaki wachache na mimea ya kiasi, wala asilijaze bwawa kwa tamaa.

Kuhusu ujenzi wenyewe, makosa ni yale yale kila mahali, na karibu yote yanaepukika. Udongo unaochimbwa ndio unaofanya kilima cha maporomoko; hakuna haja ya kuununua mwingine. Lakini udongo huo ushindiliwe tabaka kwa tabaka na uachwe ukae kabla ya kupangiwa mawe, la sivyo utatitia na mawe yatapishana. Maporomoko ya nusu mita yanatosha kabisa. Yanayozidi hapo hula umeme na kurusha maji nje. Kingo za bwawa zipimwe kwa pima maji pande zote, kwa kuwa maji hayana upendeleo: upande ulio chini hata kwa vidole viwili ndiko yatakakotokea. Kijito kijengwe kwa vidimbwi vinavyofuatana kwa ngazi, si mteremko mmoja ulionyooka, ili pampu ikisimama maji yabaki humo badala ya kushuka yote kwa pamoja na kulifurisha bwawa.

Sakafu ina njia mbili. Penye udongo wa mfinyanzi, udongo huo ukikandwa na kushindiliwa vizuri huzuia maji bila gharama kubwa. Penye mchanga, hapana budi kutandika karatasi nene ya nailoni. Kwa bwawa letu la mita 3 kwa 2, karatasi hiyo iwe na urefu wa mita 4.8 na upana wa mita 3.8, kwa sababu ni lazima ishuke kina, ipande upande wa pili, na ibakize sentimita 30 za kukandamizwa chini ya mawe kila upande. Nyufa kati ya mawe ya maporomoko zizibwe kwa saruji, maana maji hupenda kupita chini ya jiwe kuliko juu yake. Saruji mpya nayo huyatia maji ukali wa chokaa; bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla samaki hawajatiwa, na maji hayo ya kusuuza yapelekwe mbali na mboga. Anayetumia maji ya bomba yenye klorini ayaache siku mbili tatu kwanza.

Tunafika sasa kwenye jambo zito kuliko yote, yaani afya na usalama. Mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita muda wa wiki moja hadi mbili. Hiyo maana yake ni kwamba bwawa ambalo pampu yake imeharibika Jumatatu, likingoja fundi hadi mwisho wa mwezi bila samaki ndani, linaweza kuwa limekwisha kutoa jeshi zima dirishani kwa mwenye nyumba na kwa jirani yake asiyekuwa na bwawa. Perege hula viluwiluwi, na maji yanayotembea hayawafai mbu hao. Lakini nyasi zilizoachwa kingoni huwapa maficho ambayo samaki hawayafikii. Konokono wanaoeneza kichocho nao hupenda maji yenye majani mengi. Kwa hiyo kingo zifyekwe, na watoto wakatazwe kabisa kuoga au kukojoa humo. Na kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama katika maji yasiyofika goti la mtu mzima, bwawa la shule au la nyumba yenye watoto lisilokuwa na uzio lihesabiwe kuwa halijakamilika, hata kama mgeni rasmi amekwisha kulizindua.

Neno hilo la uzinduzi linatukumbusha historia ambayo hatupaswi kuisahau. Ufugaji wa samaki katika mabwawa ulianza kujaribiwa nchini mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mwaka 1967 ikaanzishwa kampeni ya taifa zima ya kuchimba mabwawa ya samaki. Kampeni hiyo haikufanikiwa, na sababu kubwa haikuwa uvivu wa kuchimba. Mabwawa yalikosa matunzo baada ya kuchimbwa. Mengine yalichimbwa mahali ambapo kiangazi kiliyakausha. Tena perege huzaa mapema na kwa wingi. Bwawa lisilovuliwa mara kwa mara hujaa visamaki vingi vinavyogombea chakula, hata pasiwe na mmoja wa kutosha kitoweo. Siku hizi yako maarifa ya kuzuia hilo, kama kupandikiza madume peke yao au kuweka kambale wachache wa kuwapunguza watoto, na Afisa Uvuvi wa wilaya anaweza kuulizwa. Lakini hakuna maarifa yanayoweza kushika nafasi ya mtu anayeamka kulitazama bwawa kila asubuhi.

Tusidanganyane pia kuhusu faida. Kwa utaratibu wa kawaida huwekwa samaki wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa letu la mita za mraba 6 litachukua samaki 12 hadi 18. Hao hawatamtajirisha mtu, wala hawatamwondoa muuza dagaa sokoni. Anayeahidiwa utajiri kwa bwawa la uani na amuulize anayemwahidi maswali ya hesabu. Faida ya kweli ya bwawa dogo ni maji ya mboga yenye rutuba, kitoweo cha siku chache, kivuli chenye ubaridi, na hasa elimu.

Na hapo ndipo walimu wanapohusika kuliko mtu mwingine yeyote. Bwawa lenye mkondo ni darasa lisilohitaji ubao. Mwanafunzi anayepima urefu, upana na kina, kisha akabeba ndoo kuthibitisha hesabu yake, hatasahau maana ya ujazo. Anayeweka alama kwenye jiwe na kuona maji yameshuka kiasi gani kwa wiki amejifunza mvukizo kwa macho yake. Anayewaona samaki wakitweta alfajiri na kutulia pampu inapowashwa, ameielewa hewa ya majini kuliko aliyeikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini somo hilo hutoweka pale bwawa linapogeuzwa kuwa adhabu, ambapo aliyechelewa ndiye anayetumwa kuzoa tope. Kazi ya bwawa iwe ya zamu, kama ilivyo ndiva: kila darasa na juma lake, walimu wakiwamo, na daftari la kuandika kina cha maji, hali ya samaki na hitilafu ya pampu. Likizo zisiachwe nje ya daftari hilo, maana wakati wa likizo mbu hawaendi kwao.

Kwa upande wa ofisi, kabla ya kupitisha matumizi ya bwawa la pambo mbele ya jengo la umma, anayetia sahihi na adai majibu ya maswali matatu kwa maandishi: maji yatatoka wapi, yakitoka bwawani yatakwenda kufanya kazi gani, na nani kwa jina atakayelitunza mwaka wa pili na wa tatu. Fungu la ujenzi lisilofuatana na fungu la matunzo ni sawa na kununua ng'ombe bila kufikiria majani. Mahali ambapo majibu hayo matatu yamepatikana, sioni sababu ya kumnyima mtu furaha ya kuyasikia maji yakianguka juu ya mawe baada ya kazi ya kutwa. Mahali ambapo hata moja limekosekana, shimo hilo na libaki ardhi, pakapandwa mwembe.

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anayelichimba bwawa leo ameyavulia nguo maji. Atalazimika kuyaoga kiangazi kitakapokuja, umeme utakapokatika, na wageni waliokuja kulisifu watakapokuwa wamekwenda zao. Kama yuko tayari kwa siku hizo, basi na achimbe.